Matairi: Sawa

Jumatatu, 13 Januari 2025

Matairi yamekuja. Mapya, kasema Leodgar. Mapya! Meneja mzima anayapigapiga mgongoni kama anauza ng'ombe mnadani. Mawili ya gari langu, mawili ya gari la Justini, dereva mwenzangu. Yote ya nyuma.

Nikayapeleka Ipuli kwa Ngollo anifungie. Ngollo ana miaka ishirini kwenye kile kibanda chake cha matairi na si msemaji. Leo kasema. Kachovya kitambaa kwenye petroli, kasugua ubavu wa tairi. Kitambaa kikatoka cheusi — rangi! Chini ya rangi, nyufa. Nyembamba, nyingi, kama visigino vya kiangazi. Kisha akanionyesha namba nne ndani ya kiduara: 1116. Wiki ya kumi na moja, mwaka 2016. Tairi lina karibu miaka tisa. Limevaliwa huko lilikotoka, likavuliwa, likapakwa wanja, likaletwa kwetu.

Nikamwambia mbona kashata zipo, yale meno ya tairi. Na kweli zipo. Mifereji imesimama, njiti ya kiberiti inazama mpaka kichwa. Ngollo akakandamiza ukucha kwenye mpira. Haukuacha alama. "Huu si mpira tena, dada Kabula. Hii ni kwato. Jua likiwaka utatembea vizuri tu. Lami ikilowa ndiyo utanikumbuka."

Nikarudi ofisini kumwambia Leodgar. Kasema shirika letu linaishi kwa misaada, linapeleka chanjo na dawa vijijini, halishindani na mabasi. "Tairi ni tairi, Mama Advera. Kashata umeziona? Basi." Nikamwomba angalau hayo yafungwe mbele, yale mazuri ya mbele yarudi nyuma. Akacheka! Usukani uko mbele, hata mtoto anajua. Nikamweleza: mbele ikiteleza gari linakwenda moja kwa moja, unaachia mafuta, linakurudia. Nyuma ikiteleza gari linageuka na wewe ndani. Akanishukuru kwa somo.

Halafu fomu. Kila Jumatatu dereva analikagua gari lake na kutia tiki. Matairi: Sawa. Si sawa. Nikatia kwenye Si sawa. Baada ya saa moja fomu ikanirudia, juu yake kikaratasi cha njano: Rudia.

Nimerudia.

Jumatano, 15 Januari

Isikizya na Benedikta, chanjo za watoto. Mvua ya asubuhi, lami inang'aa. Kwenye kona ndogo kabla ya kufika — hata si kona, ni kimkunjo tu — nyuma ikapepesuka. Kidogo. Mtu mwingine asingejua. Mimi nilijua kwa makalio, dereva anasikia gari kwa makalio kabla ya macho.

Na ile taa ya njano ikawaka. Kigari kidogo chenye mistari miwili iliyojipinda nyuma yake. Ikikonyeza maana yake gari linateleza na mfumo unalizuia. Lakini hii haikukonyeza. Ilikaa imewaka mpaka tunarudi. Maana yake mfumo wenyewe umekufa.

Benedikta akauliza hiyo ni nini. Yeye huuliza kila kitu. Nesi wa miaka thelathini na mitatu, mtoto wa Ulyankulu, anakula karanga zangu na kuimba nyimbo za Misa kwa sauti inayotisha mbuzi. Nikamweleza. Kwamba gurudumu moja lina sensa inayopeleka habari, ikinyamaza, gari halijui tena gurudumu lipi linazunguka na lipi limekwama. Linaacha kukusaidia. Unabaki wewe na matairi yako. Nikamweleza na ya matairi: maji yakiwa barabarani lazima yapate pa kutokea chini ya mpira, ndiyo kazi ya ile mifereji. Na mpira lazima uwe laini ili ushike. Ukiwa mgumu, hata mifereji iwe kama ya mto Igombe, unapita juu ya maji.

Akasema, "Kumbe tunatembelea viatu vya plastiki." Akacheka. Nikacheka na mimi.

Nimemwandikia Leodgar kuhusu taa.

Ijumaa, 17 Januari

Taa haipo tena! Fundi umeme alikuja jana gari likiwa limelala. Asubuhi nawasha — taa zote za dashibodi zinawaka na kuzima kama kawaida, kile kigari hakiwaki kabisa. Nikampigia fundi. Sensa umeweka mpya? Akacheka kwa aibu. "Dada, mimi niliambiwa kuna taa inasumbua. Nimeondoa taa."

Niliambiwa kuna taa inasumbua.

Nimekaa ndani ya gari pale uani robo saa nzima, ufunguo mkononi. Kisha nimekwenda kazini.

Jumatatu, 20 Januari

Fomu. Matairi: Sawa. Taa za onyo: Hakuna. Hilo la pili hata si uongo! Wametengeneza ukweli wao kwa bisibisi.

Niandike hapa kwa nini, maana hapa hakuna anayesoma. Mimi ndiye mwanamke pekee kati ya madereva. Nilipoomba kazi hii walinipa Land Cruiser iliyojaa mchanga niirudishe nyuma mpaka langoni, mara tatu, wanaume wamesimama wanatazama kama sinema. Miaka sita sasa. Nikikataa gari watasema aliogopa mvua. Na ufunguo utakuwa mfukoni mwa mwingine kabla sijafika Ng'ambo nyumbani kwangu. Advera yuko kidato cha tatu, baba yake alishatusahau.

Hizo ndizo sababu. Zikiwa kwenye karatasi zinaonekana ndogo.

Alhamisi, 23 Januari

Mvua siku ya tatu. Justini kaniambia na lake limeserereka juzi, njia ya Bukene, likasimama limekatiza barabara. Abiria wanne ndani. Nikamwambia twende kwa Leodgar wawili, leo hii. Akatazama viatu vyake. Kasema, wewe anza, mimi nitakuunga mkono.

Sikuanza.

Kesho Ulyankulu na Benedikta. Amefurahi, atamwona mama yake. Ananiletea viazi vitamu, kasema.

Jumatano, 29 Januari

Siwezi kulala chali wala ubavu. Mfupa wa bega la kushoto umevunjika. Mkono wa kuandikia mzima. Dada yangu Flavia kaniletea daftari kwa sababu nilimlilia kama mtoto.

Niandike kabla hawajaniambia jinsi ilivyokuwa.

Ijumaa tarehe 24. Kliniki iliisha mapema, tukapita kwa mama yake Benedikta. Bi Niyokwizera. Mama mwembamba, mrefu, anakushika mikono yote miwili akikuamkia. Alifika Ulyankulu akiwa amebebwa mgongoni, mwaka ule wa sabini na mbili walipokimbia Burundi, na bado anasema "huku kwenu" kwa utani. Akatupa viazi gunia dogo. Tukaondoka saa nane.

Njia ya moja kwa moja ilikuwa imejaa maji, tukazunguka Urambo tuishike lami. Mimi ndiye niliyechagua. Nilidhani lami ni salama.

Tumeipita Usoke, mvua ikashuka. Nikapunguza. Mshale ulikuwa sitini — naapa, sitini! Najua kwa sababu Benedikta alisema tunakwenda kama tunasindikiza maiti, nikatazama mshale nimjibu. Mteremko mdogo, barabara inapinda kulia, maji yanakatiza lami kama shuka. Pembeni mbele yetu mtu na baiskeli, magunia mawili ya mkaa. Upepo ukamsukuma akayumba kuingia kwetu. Nikagusa breki. Nikagusa tu. Nikavuta usukani kidogo kumpisha.

Breki nzima hutetemeka chini ya mguu ukiikanyaga kwenye utelezi. Hii haikutetemeka. Ilikuwa kimya. Na nyuma ikaja. Naiona ikija kwenye kioo cha pembeni, taratibu kabisa, kama mtu anayetaka kunipita. Nikaachia breki, nikarudisha usukani kule inakoteleza, nikafanya yote niliyofundishwa na niliyowafundisha wengine. Gari halikuwa na habari na mimi. Likageuka. Likaondoka kwa ubavu, likapiga ukuta wa kalavati. Ubavu wa kushoto. Wa Benedikta.

Mkanda alifunga. Alifunga mwenyewe, bila kuambiwa.

Viazi kila mahali. Kisha akaniuliza, sauti yake ya kawaida tu: "Dada Kabula, miguu yangu iko wapi?"

Ilikuwa pale pale mbele yake. Niliiona.

Mwenye baiskeli ndiye aliyetuokoa. Alitupa mkaa wake chini akakimbia kwenye nyumba, akarudi na watu wamebeba mlango. Nikawaambia msimkunje, msimkunje! Wakamtoa amelala juu ya mlango kama alivyo. Sijui jina la yule mtu. Sikumuuliza.

Daktari anasema uti wa mgongo, chini ya kiuno. Kuna madaktari Dar wanaoweza kumpasua. Wanaoweza — hakusema watafanikiwa.

Ijumaa, 31 Januari

Leodgar kaja nyumbani na machungwa. Macho mekundu, nadhani alilia kweli. Kamwamkia Flavia shikamoo, Flavia kaitikia marahaba kama mtu anayefunga mlango.

Kakaa. Kasema hapa hatutafuti mchawi. Mvua ilinyesha, gari lilikuwa na mwendo, ajali imetokea. Nikasema sitini. Kasema, "Nani alipima?" Kisha kwa upole: bima ya gari inalipa kama dereva amekosea. Dereva ni binadamu, hukosea, ndiyo maana kuna bima. Ila wakisikia gari lilikuwa bovu na mwenye gari alijua, wanafunga faili. "Hapo Benedikta harudi kuwa na miguu, Mama Advera. Atalala pale wodini anahesabu mabati. Unalitaka hilo?"

Sikulitaka hilo. Nani angelitaka!

Anataka niandike: mwendo kasi kwenye mvua. Mahakamani nitatozwa faini, leseni itakaa kabatini mwaka, yeye atanitafutia kazi ya stoo. Akafungua bahasha. Fomu zangu za Jumatatu. Tarehe 13. Tarehe 20. Matairi: Sawa, Sawa, na saini yangu chini, nzuri, nilijifunza saini hiyo shuleni. "Na hata ukisema matairi," akasema, "nani aliyesema ni sawa?"

Ile ya kwanza, yenye kikaratasi cha njano, haikuwa ndani ya bahasha.

Nilisema nitafikiri. Machungwa Flavia kawapa majirani.

Jumatatu, 3 Februari

Askari aliyechukua leseni yangu kaniita gereji, mkaguzi wa magari anakuja kuliona gari. Lilivutwa siku ileile likapelekwa gereji linakotengenezwa siku zote, eti lisizibe barabara. Siku kumi limekaa kwa wenyewe.

Ubavu wa kushoto umeingia ndani mpaka kiti. Sikuweza kutazama kiti. Nikatazama matairi ya nyuma.

Mapya! Safari hii mapya kweli. Yana vile vinyweleo vya mpira, laini, vimesimama kama ndevu za mahindi. Tairi likitembea kutoka hapa mpaka Isikizya vinyweleo vinakatika. Haya hayajawahi kugusa lami. Yamefungwa kwenye gari lililokufa.

Nikamwonyesha mkaguzi. Mzee mtaratibu, miwani imefungwa uzi. Kasema yeye anaandika anachokikuta. Nikamwambia basi kuta na hili — washa ufunguo, usiwashe injini. Dashibodi haikuvunjika. Akawasha. Taa zikawaka zote, zikazima. Nikamwambia hesabu tena, tafuta kigari chenye mistari ya kuteleza. Kwenye magari ya aina hii lazima kiwake kwanza ndipo kizime, ni gari linajisalimia. Hiki hakiamki kabisa. Akazima, akawasha. Akazima, akawasha. Akaandika kitu. Msimamizi wa gereji akaanza kukohoa.

Sikuona alichoandika.

Kutoka pale nikamwona Justini anajaza mafuta, anaelekea Bukene. Watu watano ndani. Nikatazama nyuma ya gari lake. Yale yale. Wanja na kwato. Lake hakuna aliyelibadilishia, maana halijavunja mtu bado.

Akanipungia mkono!

Jumatano, 5 Februari

Kwa Ngollo. Nikamwomba aje aseme alichokiona: rangi, nyufa, 1116. Akaendelea kuziba tundu la baiskeli ya mtu muda mrefu kuliko tundu lilivyohitaji. Gari zote za shirika zinakuja kwake. Lori za Leodgar mwenyewe zinakuja kwake. "Nilikuambia wewe, dada. Siku ile. Ulikuwa na mdomo."

Ndiyo. Nilikuwa nao.

Sikupiga hata picha. Simu ilikuwa mkononi nasikiliza kwaya. Nani anapiga picha tairi?

Jumamosi, 8 Februari

Leo wameniruhusu kumwona Benedikta. Nilikuwa na maneno, niliyapanga njia nzima.

Yuko chali, nywele zimesukwa upya — mama yake. Bi Niyokwizera alinishika mikono kama siku ile, ila hakunitazama. Akatoka na beseni.

Nilisema pole. Benedikta alitazama dari. Kasema usiku anaota anakimbia, na anapoamka anachelewa kukumbuka. Kisha akaniuliza, fomu nilitia tiki wapi.

Sijui nani kamwambia. Labda Leodgar.

Nikasema kweli. Mara ya kwanza Si sawa, wakairudisha, nikabadilisha. Mara ya pili sikusubiri kurudishiwa.

Halafu: "Uliniambia mimi. Njia nzima ya Isikizya. Maji, mifereji, mpira mgumu, taa. Ulinieleza vizuri, nilielewa kila kitu. Uliniambia mimi, nesi, kana kwamba mimi ndiye ningekataa gari."

Nikanyoosha pindo la shuka lake kwa mkono mzima.

"Nilidhani unanifundisha," kasema. "Kumbe ulikuwa unajitua mzigo."

Nikatoka.

Jumapili, 9 Februari

Sikwenda kanisani. Flavia aliporudi kutoka kwenye kwaya nilimwambia yote, na la tiki. Hakunipa pole. Kasema kama nitachukua kosa la mwendo, yale matairi ya Justini yatapakwa rangi tena na kuuzwa kwa mwingine, na mimi nitakuwa stoo nahesabu sabuni. Nikamwambia na bima? Na Benedikta? Kasema habari ya bima nimeisikia kwa nani? Kwa Leodgar. Nimemuuliza mtu mwingine yeyote?

Sijamuuliza.

Advera kaniletea chai. Anajua. Anatembea kwenye nyumba kama mtu aliyevaa soksi.

Jumatatu, 10 Februari

Nimekwenda. Nimesema.

Askari aliandika kurasa nne. Matairi ya mtumba, rangi, 1116. Taa iliyoondolewa, nani aliiondoa na alinijibu nini. Vinyweleo. Gari la Justini — nikamwomba hilo aliandike mwanzo, leo, kabla ya langu. Na tiki zangu, zote mbili, na kwamba nilijua. Akaacha kuandika hapo. "Mama, hili unajifunga mwenyewe. Umeelewa?" Nikasema andika.

Nikasaini. Ile ile saini nzuri.

La bima nilimuuliza. Kasema hajui, kila bima na mambo yake, nimwone mwanasheria. Mwanasheria!

Jioni Justini kapiga simu anafoka. Gari lake limesimamishwa mizani, wamelitoa namba. Nimemharibia mkate. Nikamwambia uko hai? Akakata.

Nilidhani nitajisikia mwepesi.

Jumatano, 12 Februari

Hospitali, benchi la nje ya wodi. Saa tano asubuhi.

Bi Niyokwizera alinipigia saa moja: Benedikta ananitaka. Nikaja mbio. Nilidhani — basi tu, nilidhani.

Leodgar alikuwa hapa jana. Kaacha karatasi. Maelezo ya abiria, yamepigwa chapa tayari, ukurasa mmoja na nusu. Gari lilikuwa katika hali nzuri. Dereva alikuwa na mwendo mkubwa, nilimwonya mara mbili. Mara mbili! Chini kuna mistari ya nukta ya kusaini. Akisaini, Ijumaa anasafirishwa Dar, kitanda kimeshaulizwa. Asiposaini, shirika linasubiri kesi iishe. Kesi ya nini? Ya maneno yangu ya Jumatatu.

Nikamwambia Benedikta polepole kwamba huenda si kweli habari ya bima. Kwamba tunaweza kutafuta mtu wa kumuuliza. Kwamba kama yuko anayepaswa kulipa ni yeye Leodgar, bima iwepo isiwepo.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Yeye ni nesi, anajua kumsikiliza mgonjwa.

Kisha kasema: "Wiki mbili ulikuwa na nafasi ya kusema, na ungesema ningekuwa natembea. Ukanyamaza. Sasa siku ambayo kunyamaza kwako kungenipeleka Dar, ndiyo umesema." Hakupandisha sauti. "Umechagua siku zako vizuri sana, dada Kabula."

Nikasema Justini. Watu watano kwenye gari lile. Nikasema ningenyamaza na hao?

Hapo akafumba macho. Kasema najua. Kasema, "Ningekuwa mzima ningekupigia makofi."

Akamwambia mama yake ampe karatasi. Hakuniuliza nionavyo. Alitaka nione tu, asifanye nyuma ya mgongo wangu. Ndiyo maana aliniita. Sijui nani mwingine angenifanyia hivyo.

Bi Niyokwizera aliishika karatasi juu ya beseni lililogeuzwa, akaiinamisha afikie. Analia bila sauti, anasema kwa Kirundi chake mwana wanje, mwana wanje, mwanangu. Peni ni ile aliyoiacha Leodgar, ya bure, imeandikwa jina la bima yenyewe. Benedikta akaanza. B, e, n — ikakata wino. Akaitikisa. Akaikwaruza pembeni. Haiandiki.

"Mama, niombee nyingine kwa manesi."

Mimi nikatoka kuja hapa benchini, maana nilishindwa kusimama pale, mikono haina kazi. Nikafungua daftari. Zile herufi tatu nimeziacha kwenye karatasi.

Bi Niyokwizera kapita mbele yangu kwenda chumba cha manesi. Kafunga kitambaa kichwani vizuri kwanza, ndipo akabisha. Wanazunguka na daktari wodi nyingine, hakuna mtu. Kajaribu na dirisha la dawa. Limefungwa.

Anarudi. Anatembea amegusa ukuta. Namwona anamtazama kila mtu mikononi, yule baba wa mkongojo, yule dada mwenye mtoto. Bado mimi. Naandika haraka, sijui kwa nini naandika haraka.

Amesimama. Nayaona malapa yake. "Mwanangu," anasema, "hiyo unayoandikia —